Nunua Mwendo, Si Umbo: Farasi na Punda kwa Msafiri wa Njombe na Makambako

Nyanda za Juu Kusini hazina mnada wa farasi. Mtu wa Njombe mjini, Makambako au Wanging'ombe anayetamani mnyama wa kupanda, mwenye mwendo laini usiomvunja kiuno, hana mahali pa kwenda siku ya soko akachagua mmoja kati ya kumi. Atasikia kwamba fulani anauza, kwamba kuna shamba huko Mufindi lina farasi, kwamba dalali mmoja anaweza kumleta kutoka Arusha. Punda atawaona, ila wengi wao wako chini ya mizigo, na hakuna atakayemweleza yupi anafaa kupandwa na yupi hafai hata kubeba debe la mahindi.

Soko la namna hiyo, lenye wauzaji wachache na wanunuzi wasio na uzoefu, humuumiza mnunuzi kwanza na mnyama baadaye. Mnunuzi hutazama kile ambacho jicho hukiona haraka: urefu, unene, rangi, manyoya yanayong'aa. Kumbe kitakachompeleka na kumrudisha ni miguu minne na namna inavyokanyaga. Kwa milima yetu, baridi yetu na umbali wa safari zetu, naamini jambo la kwanza la kununua ni mwendo. Mengine yote, bei ikiwemo, yafuate nyuma yake.

Kwa nini farasi hakuenea kwetu

Uhaba wa farasi Tanzania Bara una historia ndefu, nayo ni historia ya magonjwa. Mwaka 1866 David Livingstone alishuka Mikindani na kuufuata mto Ruvuma akiwa na ngamia, nyati wa kufugwa kutoka India, punda na nyumbu wa kuzalishwa, yaani watoto wa punda na farasi. Alitaka kujua ni yupi kati yao angestahimili mbung'o. Wengi walikufa njiani. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo na farasi wawili, na wote wawili wakafa kabla safari haijafika mbali. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, vikosi vya wapanda farasi kutoka Afrika Kusini viliingia kaskazini mwa nchi na kupoteza wanyama maelfu kwa maelfu katika miezi michache. Upande wetu wa kusini, jeshi la Waingereza la Jenerali Northey lililopanda kutoka Nyasaland na kuitwaa Njombe katikati ya mwaka huohuo lilitegemea vichwa na mabega ya wapagazi.

Maadui walikuwa wawili. Wa kwanza ni nagana, inayoletwa na mbung'o. Wa pili ni ugonjwa wa virusi unaojulikana duniani kama ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi wanaouma jioni, usiku na alfajiri. Katika farasi wasio na kinga, ugonjwa huu huua kati ya asilimia 70 na 95 ya wanaougua. Kwa nyumbu wa kuzalishwa vifo hufika karibu nusu. Kwa punda ni karibu asilimia 10. Pundamilia hubeba virusi hivyo bila kuonyesha dalili, ndiyo maana ugonjwa haujawahi kwisha barani.

Tofauti hiyo ya vifo ndiyo imechora ramani ya wanyama wa kupanda Afrika Mashariki. Farasi alibaki mnyama wa wenye uwezo: watawala wa Unguja, walowezi, vilabu vya michezo na, siku hizi, mashamba na nyumba za wageni za Arusha, Kilimanjaro na baadhi ya sehemu za Mufindi. Punda akawa mnyama wa kila mtu. Takwimu za serikali za miaka ya karibuni zinahesabu zaidi ya punda 600,000 nchini, wengi wao wakiwa katika mikoa mikavu ya kati na kaskazini: Dodoma, Singida, Manyara, Arusha, Shinyanga.

Njombe ina nafuu moja kubwa. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Makambako zaidi ya mita 1,600. Mbung'o hawapendi baridi hiyo, na visubi hupungua sana kati ya Juni na Agosti. Farasi anaweza kuishi huku, lakini uwezekano huo una masharti yake. Akiletwa kwa lori kutoka Dar es Salaam, barabara inakatiza Mikumi, eneo la mbung'o. Akifika Njombe, msimu wa mvua una jioni zenye joto la kutosha visubi, hivyo ni lazima aingizwe bandani kabla jua halijazama na atolewe baada ya kuchomoza. Chanjo ipo, hutengenezwa Onderstepoort, Afrika Kusini, lakini inataka kupangwa na daktari wa mifugo kila mwaka. Asiyeweza kuahidi mambo hayo asinunue farasi, hata akipewa kwa bei ya mbuzi.

Mwendo wenyewe

Farasi wengi wana miendo mitatu mikuu. Akitembea, kila mguu hugusa ardhi kwa wakati wake, kwa hiyo unasikia mapigo manne. Akienda matiti, miguu miwili ya kukingama hupiga pamoja: wa mbele kushoto na wa nyuma kulia, kisha wenzao. Mapigo ni mawili, na katikati yake mwili wa mnyama huruka hewani kidogo. Mruko huo ndio unaompiga mpandaji mgongoni. Baada ya matiti huja mbio, na mwisho wake shoti.

Wapo farasi wenye mwendo wa nne unaokaa kati ya kutembea na kukimbia. Miguu inabaki na mapigo manne yasiyopishana kwa nguvu, kasi inapanda, na wakati wote kuna mguu ulioko chini. Mwili hauruki. Mpandaji anakaa kama yuko kitini, na safari ya saa nne haimwachi amepooza. Farasi wa Iceland wanao, wa Tennessee wanao, Paso Fino wa Amerika ya Kusini na Karibiani wanao. Mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na wanasayansi wa Sweden walionyesha kwamba badiliko moja katika jini liitwalo DMRT3 lina sehemu kubwa katika uwezo huo. Maana yake kwa mnunuzi ni kwamba mwendo huu huzaliwa nao. Mazoezi huukuza na kuusafisha, lakini muuzaji anayesema "mchukue tu, utamfundisha" anauza ahadi.

Barani kwetu mfano bora uko Lesotho, nchi ya milima na baridi kama Makete. Farasi wadogo wa Wabasotho, waliokuzwa tangu enzi za mfalme Moshoeshoe katika karne ya 19, wanajulikana kwa mwendo wa haraka wenye mapigo manne, kwa kwato ngumu na kwa kushuka mawe bila kuteleza. Hawakupata sifa hiyo kwa kuchaguliwa kwa sura. Vizazi vya watu waliosafiri juu yao kila siku viliwaweka wale waliowafikisha, na wasiowafikisha hawakuzalishwa.

Pwani ya Waswahili nayo ilikuwa na elimu yake. Punda weupe wakubwa wa Maskati waliletwa kutoka Uarabuni hasa kwa ajili ya kupandwa, na wapandaji waliwathamini kwa telki: hatua fupi fupi, za haraka, za kufuatana, zisizomrusha aliyeketi juu. Lamu hadi leo punda hupandwa kila siku katika vichochoro visivyopitisha gari, na mtoto wa huko hujua punda wa telki na punda wa matiti kabla hajajua kusoma. Elimu hiyo haikupanda milimani pamoja na punda wenyewe. Huku bara punda alikuja kama mbebaji, na mpaka sasa tunamuuza na kumnunua kwa kuangalia nguvu peke yake.

Swali la uzito

Kabla ya kuuliza ni mnyama gani, muulizaji ajipime mwenyewe kwenye mizani. Kanuni inayokubalika kwa farasi ni kwamba mpandaji pamoja na tandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito wa mnyama. Farasi wa kilo 400 anachukua kilo 80: mtu wa kilo 65 na tandiko la kilo 15.

Punda wetu wa kawaida ana uzito wa kilo 120 hadi 170 hivi. Shirika la Donkey Sanctuary, ambalo limekuwa na kliniki Lamu tangu 1987, linashauri mpandaji wa punda wa kawaida asizidi kilo 50. Na huyo punda wa kawaida wanayemzungumzia ni mkubwa kuliko wengi wa kwetu. Ukweli huu lazima usemwe wazi: mtu mzima wa kilo 75 hana haki ya kupanda punda wa Wanging'ombe kutoka kijijini hadi Makambako na kurudi. Kwamba punda atakubali kwenda si ushahidi kwamba anaweza. Punda huficha maumivu, na siku anapoyaonyesha huwa ameshaumia sana.

Kutokana na hesabu hiyo wanunuzi wanagawanyika makundi matatu. Kijana mwepesi au mtoto anayekwenda shule ya mbali anaweza kupanda punda mkubwa, aliyekomaa, mwenye telki. Mtu mzima anayehitaji kusafirisha mzigo atembee kando ya punda wa shogi (mfuko wa mizigo wa mgongoni), au amfunge mkokoteni palipo na barabara ya kupitika. Mtu mzima anayetaka hasa kukaa juu ya mgongo wa mnyama atafute farasi au nyumbu wa kuzalishwa, na alipe gharama zake zote.

Kundi la pili ndilo kubwa, na ndilo lenye historia hapahapa mkoani. Miaka ya 1980 Makete, wakati huo ikiwa wilaya ya mkoa wa Iringa, ilikuwa na mradi wa usafiri vijijini ulioungwa mkono na Shirika la Kazi Duniani. Wataalamu walianza kwa kupima nani anabeba nini na kwenda wapi. Waligundua kwamba safari nyingi za familia hazikugusa barabara kabisa: zilikuwa za vijia, kutoka nyumbani kwenda shambani, kisimani, msituni kutafuta kuni, na kwenye mashine ya kusaga. Waliobeba sehemu kubwa ya mizigo hiyo, kichwani, walikuwa wanawake. Kati ya majibu ya mradi yalikuwa kutengeneza vijia na kuleta punda. Karibu miaka 40 baadaye pikipiki zimeenea, lakini pikipiki hutaka mafuta kila siku, na masika katika utelezi wa mteremko hulala ubavu. Nafasi ya mnyama haijaisha.

Nani anauza

Mnunuzi wa Njombe ana milango mitatu. Mlango wa kwanza ni jirani mwenye punda anayetaka kumwachia. Huu ndio bora, kwa sababu mnyama ameshazoea baridi, historia yake inajulikana kijijini, na unaweza kumwona akifanya kazi siku kadhaa kabla ya kulipa. Kasoro yake ni uchache, na mara nyingi anayeuzwa ni yule aliyechoka.

Mlango wa pili ni mnada wa mifugo na wafanyabiashara wanaouzunguka. Makambako ni njia panda: barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia inakutana na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA ina stesheni hapo. Mifugo kutoka uwanda wa Usangu, na wakati mwingine kutoka Dodoma, hufika bila taabu. Kuna uchaguzi na kuna bei ya ushindani, lakini historia ya mnyama imekatika: umri ni ule utakaousoma mwenyewe mdomoni, na afya ni ile utakayoipima. Dalali hulipwa mauzo yakifanyika, kwa hiyo neno lake lipokee kama neno la anayelipwa mauzo yakifanyika.

Mlango wa tatu ni kuagiza farasi kutoka mashamba ya Mufindi, Arusha au Kilimanjaro, au nje ya mipaka kutoka Kenya. Hapa kuna kumbukumbu za chanjo na za ukoo, na muuzaji mara nyingi anaujua mwendo wa mnyama wake. Akitoka nje ya nchi, kibali cha kuingiza na cheti cha afya cha daktari wa mifugo ni vya lazima. Uliza farasi amekulia wapi, maana aliyezaliwa na kukulia nyanda za juu atakusumbua kidogo kuliko aliyetoka pwani.

Kumpima kabla ya kulipa

Anza kwa kusimama mbali. Mnyama mzima husimama sawasawa kwa miguu yote minne. Anayepumzisha mguu mmoja wa mbele, akiutanguliza na kuuondolea uzito, ana maumivu hapo. Kupumzisha wa nyuma ni kawaida, lakini abadilishe. Akipumzisha uleule kila mara, uliza.

Kisha mdomo. Meno ya mbele ya katikati hubadilika karibu na miaka miwili na nusu, yanayofuata miaka mitatu na nusu, na ya pembeni miaka minne na nusu. Kwa punda huweza kuchelewa kidogo. Kinywa chenye meno yote ya kudumu ni cha miaka mitano au zaidi. Vishimo juu ya meno ya chini hufutika kwa mpangilio kati ya miaka sita na minane hivi, na baada ya hapo meno huanza kurefuka na kulala mbele. Usimbebeshe wala usimpande mnyama ambaye meno yake hayajakamilika. Mifupa yake bado inakua, na mgongo ulioharibika akiwa na miaka miwili haurudi.

Pitisha mkono mgongoni na mabegani, polepole, ukibonyeza. Mabaka ya nywele nyeupe pale linapokaa tandiko au mkanda ni makovu ya vidonda vya zamani. Kovu kavu peke yake si sababu ya kumkataa. Akikunja mgongo au kulaza masikio ukibonyeza, kidonda kiko ndani. Watu husema shukrani ya punda ni mateke. Punda wengi wanaopiga mateke mkanda unapofungwa walifundishwa hivyo na maumivu, na anayemnunua bila kulichunguza jambo hilo ananunua teke lenyewe.

Inua kila kwato. Ndani kuwe kukavu, bila harufu ya kuoza, bila nyufa zinazopanda hadi kwenye nywele. Kwato ndefu zilizopinda kama ndara zinaweza kukatwa, lakini uliza ni nani atazikata Njombe, kwa maana mafundi wa kazi hiyo ni wachache sana. Gusa kwato kwa kiganja: yenye joto zaidi ya wenzake ina jambo.

Sasa mwendo, na hapa ndipo muda utumike. Mwambie muuzaji amtembeze kwa kamba iliyolegea kwenye ardhi ngumu, akienda na kurudi. Tazama kichwa. Mguu wa mbele unaouma ukikanyaga, kichwa huruka juu. Ukikanyaga mzima, hushuka. Kisha funga macho usikilize. Mapigo manne yanayolingana ni habari njema, na pigo moja jepesi au linalochelewa ni onyo. Mpeleke kwenye vumbi au tope laini uangalie nyayo: mguu wa nyuma ukitua juu ya alama ya wa mbele au mbele yake, hatua ni ndefu na mgongo uko huru. Ukitua nyuma sana, mnyama anajibana.

Baada ya hapo mpeleke mteremkoni. Makambako ni tambarare kwa sehemu kubwa, na mnyama anayependeza mnadani pale anaweza kuwa tofauti kabisa kwenye vilima vya Lupembe au Makete. Kushuka ndiko kunakofichua magoti mabovu. Anayeshuka kwa hatua fupi, kichwa chini akitazama njia, akiweka miguu ya nyuma chini ya mwili, huyo ni wa milimani. Anayeyumba, au kushuka upande upande, au kugoma kabisa, mwachie mwenyewe.

Mwisho, ukimtaka wa kupandwa, muuzaji au mtu wake ampande kwanza mbele yako, kisha upande wewe. Asipotaka kumpanda mnyama anayemuuza kama wa kupandwa, maswali yamekwisha. Umpande akiwa na joto la kazi na akiwa baridi, akielekea nyumbani kwao na akiondoka. Farasi wengi wana mwendo mzuri wakirudi kwao. Wanaoudumisha wakiondoka ni wachache, na hao ndio wa kununua.

Kumleta milimani

Mnyama aliyetoka Usangu, karibu mita 1,000 juu ya bahari, akipandishwa Njombe mwezi Juni anapata mshtuko wa baridi. Kwa punda hatari ni kubwa zaidi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu asili yake ni nchi kavu na manyoya yake hayamwagi maji kama ya farasi. Mvua ya baridi humlowanisha mpaka kwenye ngozi. Banda lenye paa, ukuta upande wa upepo na sakafu kavu lijengwe kabla mnyama hajanunuliwa. Sakafu yenye tope huoza kwato katika msimu mmoja. Muda mzuri wa kuhamisha mnyama ni mwisho wa baridi, Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza.

Chakula nacho kina mitego ya Njombe hasa. Mkoa huu umejaa parachichi, na majani, magome ya mti na tunda lake ni sumu kwa farasi na punda: huvimbisha kichwa na shingo na kuharibu moyo. Usimfunge shambani mwa parachichi, wala usimtupie matawi yaliyopogolewa. Viazi mviringo vilivyogeuka kijani, pamoja na mashina yake, ni sumu pia. Kangaga linaloota kwenye malisho ya milimani, likiliwa kwa muda, huharibu mishipa ya fahamu. Hatari zaidi, kwa sababu hutolewa kwa nia njema, ni mahindi yenye ukungu. Ng'ombe anaweza kuyala akapona, lakini farasi na punda wanaweza kuharibika ubongo na kufa. Mahindi yasiyofaa ugali wa binadamu hayafai kabisa kwa mnyama huyu.

Jambo la mwisho la kulea: nunua wawili ikiwezekana. Punda hufungamana na mwenzake kwa nguvu, na akitenganishwa naye ghafla anaweza kuacha kula. Punda aliyeacha kula kwa siku moja au mbili yuko hatarini, kwa kuwa mafuta ya mwili hufurika kwenye damu na ini likashindwa. Mwite afisa mifugo siku hiyohiyo.

Karatasi, na biashara ya ngozi

Mnunuzi makini hutoka mnadani na karatasi. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003 inadhibiti usafirishaji wa mifugo, na kibali hutolewa baada ya ukaguzi wa mtaalamu wa mifugo. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya 2010 inataka mnyama aweze kufuatiliwa hadi alikotoka. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakataza kumtesa, na kumzidishia mzigo ni kumtesa. Pamoja na risiti na kibali, omba barua ya serikali ya kijiji anakotoka muuzaji. Mnyama asiye na barua anaweza kuwa mali ya mtu aliyeibiwa jana usiku.

Wizi huo una sababu. Kuanzia katikati ya miaka ya 2010, mahitaji ya ejiao, dawa ya asili ya China inayotengenezwa kwa ngozi ya punda, yaliingia Afrika Mashariki. Machinjio ya punda yalifunguliwa Dodoma na Shinyanga, na Kenya ilikuwa na manne. Punda jike hubeba mimba karibu miezi 12 na huzaa mtoto mmoja, kwa hiyo hakuna kundi linaloweza kuzaliana kwa kasi ya kisu. Bei ilipanda na familia zikaamka zizi tupu. Kenya ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, lakini mahakama ikaitengua amri hiyo mwaka uliofuata. Mwishoni mwa 2021 serikali ya Tanzania nayo ilisitisha uchinjaji, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa walikubaliana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote kwa miaka 15. Biashara ya magendo haitegemei ruhusa, na mji wa njia panda kama Makambako ni mahali inapoweza kupita. Kila mnunuzi anayedai karatasi anaifungia njia kidogo.

Hesabu ya mwisho

Bei ya kununua ni sehemu ndogo ya gharama. Punda mwenye afya, akianza kazi na miaka mitano na kutunzwa vizuri, anaweza kufanya kazi zaidi ya miaka kumi na tano. Gawanya bei yake kwa miaka hiyo, ongeza banda, dawa ya minyoo, chanjo ya pepopunda na malisho ya kiangazi, uone unalipa nini kwa mwaka. Mnyama wa bei rahisi mwenye goti bovu atafanya kazi miaka miwili, na mwaka wa pili atakuwa anakuumiza roho. Farasi wa kilo 400 hula karibu kilo nane za majani makavu kwa siku, mwaka mzima, mbali na chanjo na daktari. Anayeweza gharama hizo ana haki ya kujivunia, na anayejikaza ili ajivunie atamwua mnyama.

Jibu langu kwa anayeuliza, basi, liko hivi. Ukiwa mwepesi au una mizigo, nunua punda wawili waliokomaa kutoka karibu na nyumbani, uwachague kwa hatua zao kwenye mteremko, Septemba, ukiwa na banda tayari. Ukitaka farasi, tafuta mmoja wa nyanda za juu, mdogo, mwenye mapigo manne, na uweke ratiba ya chanjo kabla hujalipa fedha. Halmashauri zetu nazo zina la kufanya: kumpa afisa mifugo wa mnadani sehemu ya ardhi ngumu yenye mteremko, ambapo kila punda anayeuzwa atembezwe mbele ya wote kabla bei haijatajwa. Jambo hilo halihitaji bajeti kubwa. Muuzaji mwaminifu atalipenda, kwa sababu mnyama wake mzuri atapata bei anayostahili. Na ndani ya miaka michache wafugaji wa Wanging'ombe na Usangu wataanza kuwazalisha wale wanaotembea vizuri, kwa kuwa ndio wanaouzika, kama Wabasotho walivyofanya milimani kwao.